Mashine ya kupaka titani kwa cheche za umeme: miezi minane mkononi mwangu

Niseme mapema kabisa, hii mashine nimeipenda na bado iko mezani kwangu, lakini kama unainunua ukidhani ukishika kalamu yake na kuwasha swichi basi kila kipande cha titani kitakuwa kigumu kama jiwe, subiri kwanza usome hadi chini, maana mimi kipande kizuri cha kazi nilikiharibu kwa kufuata kijitabu kilichokuja nayo neno kwa neno, na lile kosa linaepukika kirahisi tu ukishajua linatokea wapi.

Kwanza tuelewane kwa nini mtu ahangaike kuipaka titani ngozi ngumu juu yake. Titani ni metali nyepesi, gramu 4.5 kwa sentimita moja ya ujazo wakati chuma ni karibu 7.9, maji ya bahari hayaifanyi kitu, na ile aloi yake inayotumika sana, gredi 5, yenye asilimia 6 ya aluminiamu na asilimia 4 ya vanadi, ina nguvu ya kushindana na vyuma vingi vinavyoheshimika. Lakini ikishaanza kusuguana na kitu, hasa kusuguana na titani mwenzake au na stenlesi, heshima yote inaisha. Kaza nati ya titani kwenye bolti ya titani ikiwa kavu, fungua, kaza tena, na mara ya tatu au ya nne unasikia spana inaanza kuwa nzito halafu inagoma kabisa, hapo nyuzi zimeshang'atana na zimekuwa kitu kimoja, kilichobaki ni kukata. Sababu ni kwamba juu ya titani kuna ngozi ya oksaidi, yaani titani iliyoungana na oksijeni, nyembamba mno, nanomita chache tu (nanomita ni sehemu ya milioni ya milimita), ndiyo hiyo inayoikinga na kutu, sasa msuguano ukiikwangua ile ngozi, metali tupu ya chini inakutana na mwenzake na inashikana naye papo hapo. Halafu titani inapitisha joto vibaya, kwa hiyo joto la msuguano linabaki palepale juu badala ya kusambaa ndani, na mambo yanazidi kuharibika. Ugumu wake wenyewe ni kama 350 kwa kipimo cha Vickers kwa hiyo gredi 5, na titani safi iko chini zaidi ya hapo. Tupa ya kawaida inaila bila shida.

Ndo maana nilitafuta hii mashine. Kazi yangu ni kukereza na kurudishia vipuri vilivyolika, na titani inaniletea malalamiko yaleyale kila mara: shafti imechimbika kwenye pakingi, ile kamba ya kuziba maji yasivuje, pini imejamu kwenye tundu lake, nyuzi zimeshikana.

Mashine yenyewe ni boksi tu, ukubwa wa betri ya gari hivi, ina waya mbili. Moja ina klipu unabana kwenye kazi, nyingine inaenda kwenye mkono ambao sisi tunauita kalamu, na ndani ya kalamu unafunga elektrodi, yaani kijiti cha hiyo mata ngumu unayotaka kuipaka. Ndani ya boksi kuna kapasita zinazojaa umeme na kuumwaga wote kwa mkupuo kila elektrodi inapogusa kazi, na kalamu inatetemesha au kuzungusha kijiti ili isije ikagandia. Kila mguso ni cheche moja, inadumu makumi au mamia ya sehemu za milioni za sekunde, na katika huo muda mfupi kabisa joto la pale penye cheche linafika nyuzi elfu kadhaa, linayeyusha tone dogo la elektrodi na linayeyusha pia titani iliyo chini yake, vinachanganyika, halafu vinapoa hapohapo maana kipande kizima cha chini ni baridi. Ndo raha yake kubwa. Unapaka na kipande bado unakishika kwa mkono, hakipindi, hakibadiliki umbo, na tabaka halijabandikwa juu kama rangi, limeungana na titani kwa kuyeyuka pamoja nayo.

Kwa wanaopenda historia, hii siyo teknolojia ya jana. Boris Lazarenko na mkewe Natalia huko Urusi ya Kisovieti walikuwa wanatafuta namna ya kuzuia cheche zisile pointi za swichi za umeme, wakashindwa kuizuia wakaamua kuitumia, na mwaka 1943 ikazaliwa njia ya kukata chuma kwa cheche ambayo leo iko kwenye karakana nyingi za kutengeneza moldi. Upande wa pili wa shilingi ile ndo huu wetu. Ukiweka waya upande mmoja cheche zinakula kazi, ukigeuza, kazi ikawa hasi na elektrodi ikawa chanya, cheche zinakula elektrodi na kuipeleka kwenye kazi. Kwa hiyo angalia waya zako kabla ya kuwasha, chanya iende kwenye kalamu. Ukikosea, unachimba shafti ya mtu.

Sasa nieleze inavyokuwa ukiwa umeshika. Mlio ni kama mafuta yanakaanga kwenye kikaango cha mbali, mkwaruzo wa mfululizo usio na mapengo, na sikio linajifunza haraka kuliko jicho: ukisikia mlio mkavu wenye kupasuka-pasuka umebonyeza kidogo mno, ukisikia umezama na kalamu inavuta mkono umebonyeza sana na elektrodi inataka kugandia. Mstari unaoacha nyuma ni wa kijivu usiong'aa. Ukiangalia kwa kioo cha kukuzia unaona siyo mstari hata kidogo, ni maelfu ya vitone vilivyobapika, kila kimoja kimepanda juu ya ukingo wa mwenzake kama magamba ya samaki, na kati yao kuna vishimo. Hivyo vishimo na vilima ukivisahau vitakutesa baadaye, nitavirudia.

Nilipata elektrodi za aina tatu. Ya kwanza kabaidi ya tangsteni (kabaidi ni metali iliyoungana na kaboni ikawa ngumu sana) iliyofungwa na kobalti, ileile mata ya visu vya kukerezea, na kwa kweli vijiti vya drili za kabaidi zilizovunjika navyo vinafanya kazi, nimevitumia. Hii ndo rahisi kuliko zote, inapaka haraka na cheche zake zimetulia. Kitu ambacho sikukijua mwanzo ni kwamba ikishafika kwenye titani haibaki kuwa ilivyokuwa, kwa sababu titani ina uchu wa kaboni kuliko tangsteni, inainyang'anya, kwa hiyo tabaka unalolipata ni mchanganyiko wa kabaidi ya titani, mabaki ya kabaidi ya tangsteni na tangsteni iliyopokonywa kaboni yake. Siyo kasoro, linabaki gumu sana. Ila ile kobalti inayoshikilia vyote haipendi asidi, na hata maji ya chumvi siyo rafiki yake, sasa kama umechagua titani kwa ajili ya kutu halafu juu yake unapaka kitu kinacholika na kutu, jiulize unafanya nini.

Ya pili kabaidi ya titani. Ngumu zaidi, yenyewe ikiwa peke yake ni karibu 3000 Vickers, na haina ugomvi na maji ya bahari. Lakini inapaka polepole, kijiti ni kikavu kama chaki na kinameguka ukikigonga, na mkono wako lazima uwe umetulia. Kazi zangu za majini zote nafanyia hii.

Ya tatu ilinishangaza maana ni grafiti tu, kijiti cha kaboni. Unajiuliza kaboni laini ile inayoandikia itamfanya nani mgumu? Kumbe hapa elektrodi haipeleki kitu kigumu, inapeleka kaboni tu, na titani iliyoyeyuka ndo inajitengenezea kabaidi yake yenyewe ndani ya ngozi yake. Tabaka ni jembamba, na uso unakwaruza kidogo kuliko wa zile mbili, na bei ya kijiti ni ndogo kabisa ukilinganisha. Kwa nyuzi za bolti na sehemu ambazo huna nafasi ya kuongeza hata mikroni 10 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), grafiti ndo jibu langu siku hizi. Mtu akiniuliza achague elektrodi ipi moja tu ya kuanzia nitamwambia achukue grafiti afanye mazoezi kwenye vipande vibovu.

Kazi yangu ya kwanza ya maana ilikuwa slivu, yaani bomba fupi linalovikwa shafti, ya pampu ya maji ya chumvi, gredi 5, kipenyo milimita 40, pakingi ilikuwa imechimba mifereji miwili ambayo ukipitisha ukucha unazama. Nikakereza hadi mifereji ikaisha, nikaosha na asetoni mara mbili, nikaifunga kwenye mashine ya kukerezea nikawa naizungusha polepole sana huku kalamu nimeishika juu, kabaidi ya titani, pasi tatu, yaani nimepitisha mara tatu. Maikromita ikasoma ongezeko la kama mikroni 30 kila upande. Halafu nikafanya kipimo cha kifundi kisichohitaji maabara: tupa mpya. Sehemu ambayo sikupaka tupa ilishika na kutoa unga wa kijivu kwenye msukumo wa kwanza. Sehemu iliyopakwa tupa iliteleza, ikatoa mlio mwembamba kama wa kioo, nikasukuma tena kwa nguvu, tena, nikaigeuza nikaangalia: meno ya tupa ndo yalikuwa yanang'aa, yamekatika ncha. Nilikaa na hiyo tupa mkononi nikiitazama muda mrefu. Nimefanya kazi na titani miaka mingi na sijawahi kuiona ikiishinda tupa.

Hapo ndo nikavimba kichwa na hapo ndo nikaharibu kazi iliyofuata.

Ilikuwa slivu nyingine, imelika zaidi, na nilitaka tabaka nene ili nirudishe kipimo bila kutengeneza mpya. Kijitabu kinasema wazi, rudia kupaka hadi unene unaohitaji ufikiwe. Nikarudia. Pasi ya nne, ya tano, ya sita, nikapandisha na nguvu ya kapasita ili iende haraka. Mwanzoni maikromita ilikuwa inapanda, halafu ikasimama, nikadhani nimechoka macho, nikaendelea, halafu ikaanza kushuka. Rangi ikawa nyeusi yenye madoa ya bluu. Nilipogusa kwa msasa vikatoka vigamba, vidogo kama ganda la kitunguu, na chini yake titani tupu. Kwenye kioo cha kukuzia uso mzima ulikuwa na nyufa za mtandao kama tope lililokauka bwawani. Slivu ile ilienda kwenye chakavu na mteja nikamtengenezea mpya kwa gharama yangu.

Baadaye nikafanya kile nilichotakiwa kufanya mwanzo. Nikachukua kibati cha titani, nikakipaka dakika moja nikapima kwenye mizani ndogo ya kupimia vitu vya miligramu, dakika moja nikapima, nikaandika. Uzito unapanda vizuri dakika za mwanzo, unapunguza kasi, unafika kilele, halafu unashuka. Inajirudia kila elektrodi, kila mpangilio wa nguvu, isipokuwa kilele hakiko mahali pamoja. Na sababu yake inaeleweka: kila cheche inayeyusha na kupoza ghafla, na kila kupoa ni kuvutika, mivutano inajilimbikiza ndani ya tabaka ambalo ni gumu na halijui kunyumbulika, ikifika mahali cheche mpya inavunja zaidi ya inavyoongeza. Wataalamu wa hii njia wanaijua hii tangu zamani, wanayo na dhana ya kizingiti cha kuvunjika kwa tabaka. Kijitabu hakina hata sentensi moja kuhusu hilo, na aliyeniuzia nilipomuuliza aliniambia nitakuwa nilitumia nguvu ndogo. Hapana ndugu yangu, nilitumia nguvu nyingi na muda mrefu.

Kwa hiyo ninavyofanya sasa: kabla ya kila kazi mpya napima kwenye kipande cha mata ileile kilele kiko dakika ya ngapi kwa sentimita moja ya mraba, kwangu mara nyingi inaangukia kati ya dakika 2 na 4, halafu kwenye kazi yenyewe nasimama mapema, theluthi mbili ya muda huo inanitosha. Nguvu naanza ya chini, sipandishi ovyo. Ukiona unahitaji unene wa zaidi ya mikroni mia moja na ushei basi hii siyo njia yako, jenga kwanza kwa njia nyingine, kwa kuchomelea kwa tigi, ile ya tao la umeme, chini ya gesi ya argoni kwa mfano, kereza, ndo uje na cheche juu kama ngozi ya mwisho.

Kuhusu argoni. Mashine inafanya kazi hewani bila gesi yoyote na muuzaji atakuonyesha hivyo. Lakini titani ikiwa moto inanyonya oksijeni kama mtu mwenye kiu, na oksijeni ikiingia inaifanya ivunjike kirahisi kama kigae, ndo yale madoa ya bluu na nyeusi. Nikatengeneza kijibomba cha shaba nikakifunga pembeni ya kalamu kikawa kinapuliza argoni taratibu mbele ya elektrodi, na tofauti ilikuwa kubwa kuliko nilivyotarajia, rangi ya tabaka ikawa kijivu safi na nyufa zikapungua wazi. Siku moja nikajaribu naitrojeni badala ya argoni na tabaka likatoka na rangi ya dhahabu, ile dhahabu iliyopauka unayoiona kwenye drili zilizopakwa, maana ni kitu kilekile, nitridi ya titani. Ni gumu na linapendeza macho, lakini kwenye kazi ya msuguano mzito bado kabaidi naiamini zaidi.

Narudi kwenye vile vilima na vishimo. Tabaka likitoka kwenye kalamu ni gumu na linakwaruza, yaani umejitengenezea tupa ya mviringo. Ukiliweka hivyo ndani ya bushi ya shaba au juu ya pakingi litakula mwenzake wote ndani ya siku chache, na utasema mashine mbaya wakati shafti yako haijalika hata kidogo. Lazima ukate ncha. Msasa wa kawaida unachoka wenyewe, nilimaliza vipande vitano kwenye sehemu ya upana wa vidole vitatu. Tumia pedi ya almasi, kuanzia ile ya wastani hadi laini, usitafute kioo, kata vilele tu na uache vishimo, vile vishimo vinashika mafuta na vinasaidia. Kwenye hii hatua ndo unapoteza mikroni 10 hivi za kazi yako, ziweke kwenye hesabu mapema.

Kuna kazi moja ndogo ambayo kwangu ndo inaonyesha hii mashine inaweza nini ikitumika mahali pake. Watengenezaji wa visu vya kukunja wanapenda mpini wa titani wenye ulimi unaobana nyuma ya bamba la kisu likifunguka. Ulimi ni titani, bamba ni chuma kilichotiwa ugumu, na tatizo lake linajulikana, ulimi unanata kwenye chuma, unabonyeza kwa dole gumba haurudi, na kila ukifungua na kufunga unalika kidogo hadi kisu kinaanza kucheza. Rafiki yangu aliniletea viwili. Eneo la kupaka ni dogo kuliko punje ya mahindi. Sekunde kama 20, kabaidi ya tangsteni, nguvu ya chini kabisa, nikagusa na pedi ya almasi mara tano. Kunata kukaisha hapohapo. Kimoja bado anatembea nacho kila siku na ulimi uko palepale ulipokuwa. Hakuna njia nyingine ninayoijua inayoweza kugusa sehemu ndogo namna ile, ndani ya kitu kilichokwisha kutengenezwa, bila kukipeleka kwenye tanuri.

Maana njia nyingine zipo na nisizifiche. Kuna kupaka ndani ya chumba cha ombwe, tabaka lake halikwaruzi na ni safi sana lakini ni la mikroni 2 hadi 5 tu, na juu ya titani ambayo siyo ngumu chini yake, ukibonyeza sana linazama na kupasuka kama vigae vilivyopangwa juu ya tope. Kuna kuipika titani kwenye naitrojeni, nyuzi 700 na zaidi kwa masaa mengi, nzuri kwa vitu vingi kwa pamoja, ila vipande vyembamba vinapinda. Ile ya kupaka rangi kwa umeme kwenye maji, anodaizi, inayotoa zambarau na bluu nzuri, hiyo ni mapambo zaidi, usiitegemee kwenye msuguano.

Na sasa sehemu ambayo naomba usiiruke. Usipake kitu kinachopinda au kutikiswa muda wote. Springi, mkono wa injini, shafti inayobeba mzigo wa kuzunguka na kupinda, bolti inayobeba uzito wa mtu. Zile nyufa ndogo za tabaka, hata uwe fundi namna gani chache zitakuwepo, ni mwanzo mzuri wa ufa mkubwa, na titani ikishapata mahali pa kuanzia ufa inaufuata. Uimara wake dhidi ya uchovu, yaani kuchoka kwa kupindwa na kutikiswa mara nyingi, unashuka. Kwenye slivu, pini fupi, nyuso za kusugua, sina wasiwasi. Kwenye kitu ambacho kikikatika mtu anaumia, nimekataa kazi mara mbili na nitaendelea kukataa. Na vipandikizi vya mwilini, hata titani iwe ileile, hayo ni mambo ya wenye vyeti na maabara, siyo ya kalamu ya karakana.

Usalama. Unga wa titani unashika moto, ule wa kukereza na ule wa pedi, na ukishashika moto usimwagie maji, maji yanauchochea, weka ndoo ya mchanga mkavu karibu au ile poda maalumu ya moto wa metali. Usiache unga urundikane chini ya meza. Moshi wa kabaidi yenye kobalti usiuvute, unga wa kobalti na kabaidi ya tangsteni uko kwenye orodha ya vitu vinavyodhaniwa kuleta saratani, kwa hiyo barakoa ya kweli ya vichujio na feni ya kuvuta nje, kile kitambaa cha mdomoni hakisaidii. Miwani yenye kivuli, cheche ni ndogo lakini ukizitazama masaa mawili macho yatakuambia usiku. Na argoni ni nzito kuliko hewa, kwenye chumba kilichofungwa inakaa chini na kumfukuza hewa, fungua mlango.

Kwa mashine yenyewe nina malalamiko manne. Kalamu inapata moto baada ya kama dakika 15 hadi unabadilisha mkono, nimezoea kufanya 10 na kupumzika 5. Klipu ya kazi ni dhaifu, ilikuwa inacheza na pale inapogusa ikaacha alama za kuungua kwenye kipande kizuri, nimeweka klipu ya mashine ya kuchomelea na tatizo likaisha. Kitufe cha kapasita kina namba 1 hadi 6 bila kusema ni kiasi gani cha umeme, kwa hiyo huwezi kulinganisha na mashine nyingine wala kumwelekeza mwenzako aliye mbali, na kwa kifaa cha vipimo hiyo ni dharau kwa fundi. Na kijitabu nimeshasema. Lakini boksi lenyewe halijazimika hata siku moja, kapasita ziko sawa, cheche ya leo ni ileile ya mwezi wa kwanza, na elektrodi zinaisha taratibu sana, kijiti kimoja cha kabaidi ya titani bado natumia kilekile nilichoanza nacho kwenye kazi saba.

Nampa alama nne kati ya tano, na ile moja nimemkata kwa sababu ya kijitabu, siyo kwa sababu ya cheche.

Ile pampu ya kwanza imefunguliwa wiki iliyopita baada ya miezi mitano na nusu ya kufanya kazi karibu kila siku. Pakingi imebadilishwa, ilikuwa imechakaa kama inavyotakiwa kuchakaa. Slivu nimeipitisha ukucha mara tatu kuzunguka pale penye tabaka, hakuna mfereji. Vilele vimeng'aa kidogo na kwenye vishimo bado kuna grisi. Maikromita imesoma mikroni 3 pungufu. Nimeirudisha ileile.